Kisanduku cha mama kiliponyamaza siku nne

Kisanduku chenyewe hakizidi pakiti ya tende ya nusu kilo. Ni cheupe, kina taa moja ndogo mbele na waya mmoja nyuma, nacho kimekaa juu ya kabati chumbani kwa mama, hapa Seeb, baina ya kikopo cha udi na picha ya marehemu baba. Mgeni akiingia hudhani ni ruta ya intaneti. Mama mwenyewe, miezi miwili ya mwanzo, alikuwa akikifunika kwa leso kila usiku kwa kuamini kinamsikiliza.

Mama ana miaka 87. Presha anayo tangu tuko Mombasa, sukari tangu miaka ya tisini, na kwa miaka mitatu sasa ana kile ambacho daktari wake anakiita moyo dhaifu: moyo unapiga, lakini hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa, na maji hubaki mwilini. Ugonjwa huo ndio uliotuletea kisanduku. Na ndio uliotufundisha, Idi ya mwaka jana, jambo ambalo yule kijana aliyekuja kukifunga hakutwambia.

Wengi wenu mnaosoma hapa mna mzee nyumbani, ama mzee yuko Maskati nanyi mko Dubai, Doha au Birmingham. Swali hili nimeulizwa harusini na nimeulizwa matangani: hivi vyombo vya kumpima mgonjwa nyumbani vina faida, au ni biashara tu? Nilisomesha fizikia miaka 31, Mombasa kwanza kisha hapa Oman, kwa hivyo vitu vyenye taa na waya havinitishi. Lakini jibu langu halikutoka kwenye fizikia. Lilitoka kwenye plagi moja ya ukutani.

Tuanze na chombo, maana watu wengi hudhani kisanduku ndicho kinachopima. Hakipimi kitu. Wanaokiuza wanakiita habu. Mimi nyumbani nimekiita posta. Wapimaji ni wengine wanne: mashine ya presha ya kufunga mkononi, mizani ya kusimamia, kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, na kipimo cha sukari cha kuchoma kidole. Kila kimoja kina redio ndogo ndani, ya Bluetooth. Mama akisimama kwenye mizani, mizani hupeleka barua yake kwa posta. Posta huipokea na kuirusha kwa laini ya simu iliyomo ndani yake hadi kwenye kompyuta ya kliniki. Huko nesi huiona namba pamoja na siku na saa iliyopimwa. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko mama anaouchukua kuvaa tena ndara zake.

Viko vingine visivyo na laini, vinategemea waifai ya nyumba. Hivyo vina taabu yake. Siku kijana wa nyumbani akibadilisha neno la siri la waifai, posta imefungwa na hakuna aliyejua. Tena vyombo vingi vya namna hii husikia waifai ya 2.4 peke yake, ile ya 5 hawaioni kabisa, kwa hivyo ruta mpya ya kasi inaweza kuingia nyumbani kwa furaha na kumkata mgonjwa na nesi wake. Nikiulizwa, nasema chukua chenye laini yake, hata kama kodi ya mwezi inapanda kidogo.

Na masafa. Bluetooth ya vyombo hivi inafika kama mita 10 mahali peupe. Nyumba zetu za matofali ya saruji si mahali peupe. Mara ya kwanza tulikiweka kisanduku sebuleni, karibu na televisheni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na plagi tupu. Kuta mbili baina yake na mizani. Namba ikija leo, kesho haiji. Ndipo kikahamia kabatini kwa mama, na hapo ndipo alipoanza kukiwekea leso.

"Mwanangu, kwani hichi kinasikia?"

"Hakina sikio, mama. Kinapokea namba tu."

"Na akina kaka yako huko London wanaona nini?"

"Wanaona uzito wako na presha yako."

"Basi ndiyo maana nakifunika," akasema.

Hapo alikuwa na haki yake, nami nilikiona kisa hicho baadaye. Kliniki ilitupa programu ya simu ili familia nayo izione namba. Sisi tu watoto sita, tumetawanyika miji mitano. Kila mmoja akaiweka. Wiki ya kwanza likazaliwa grupu la WhatsApp, na mama hakupumua tena. Sukari imepanda saa tano asubuhi, simu inalia kutoka London: "Mama amekula nini?" Mama akachukua simu mwenyewe akamjibu: "Nimekula halua. Nina miaka 87." Presha ikishuka kidogo, dada wa Mombasa anasema apewe chumvi, wa Toronto anasema asipewe. Watu sita wanatazama na kila mmoja anadhani mwengine ndiye atakayempigia nesi. Mwisho tukamuuliza mama anataka nani azione. Akachagua wawili, mimi na kaka wa London, na sharti lake likawa kwamba ya sukari asiulizwe siku ya Ijumaa. Tumelishika.

Nilipokuwa sekondari kwa masista, Mombasa, miaka ya sabini, sista wetu wa fizikia alikuwa na galvanomita moja iliyokuwa ikitikisika hata mtu akipita mlangoni. Alitwambia kwamba kwa chombo cha ukoo huo, kilichokuwa kikubwa kama chumba, Mholanzi Willem Einthoven aliupima umeme wa moyo, na mwaka 1905 akaupeleka kwa waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Mgonjwa yuko kule, moyo unachorwa huku. Mwaka 1947 Mmarekani Norman Holter akaurusha kwa redio, ila mtambo wake ulikuwa wa kubebwa mgongoni na ulikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Nilimhadithia mama haya. Akatazama kisanduku chake akasema, "Afadhali hichi." Leso ikapungua.

Posta lakini hubeba barua kama ilivyoandikwa. Ukiandika uongo, utafika uongo, tena upesi. Wiki za mwanzo presha ya mama ilikuwa ikitisha kila asubuhi. Nikakaa kutazama anavyopimwa. Mkanda umefungwa juu ya mkono wa gauni. Mama anazungumza na jirani dirishani. Miguu inaning'inia kitandani, na kahawa ameshakunywa. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kuiharibu namba. Sasa tunafanya hivi: anakwenda msalani kwanza, anakaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, nyayo chini, miguu haikupandana, mkono juu ya mto usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu, na hakuna kuzungumza. Kahawa baada yake, au nusu saa kabla. Huo wa kutozungumza ndio mgumu kuliko yote. Na utazameni ukubwa wa mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha presha ambayo haipo.

Mizani ilitupa kazi nyingine. Ilikuwa juu ya zulia. Mizani hizi zinataka sakafu ngumu. Juu ya zulia zuri la Kiajemi hudanganya. Tukaipeleka kwenye vigae. Kisha namba zikawa zinaruka gramu mia tatu, mara juu mara chini, hadi dada anayetusaidia nyumbani, mwenyeji wa Tanga, aliponiita pembeni: "Mwalimu, ni bangili. Siku nyingine Bibi anazivaa, siku nyingine hazivai." Dhahabu ya harusi ya mwaka 1955! Kwa mtu wa moyo dhaifu gramu hizo si mchezo, maana tunachotafuta kwenye mizani si unene bali ni maji. Sasa anapimwa saa ile ile, ametoka msalani, hajala, na gauni lile lile jepesi, bangili mezani.

Kibanio cha kidole nacho kina mambo yake, na haya yanatuhusu sisi hasa. Kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana ndani ya kidole, kisha kupima uliobaki. Kanuni hiyo aliigundua Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya sabini. Kitu chochote kinachozuia mwanga kinamchanganya. Rangi ya kucha humchanganya, na piko, yaani ile hina nyeusi, humchanganya zaidi. Mama alipakwa piko kwa harusi ya mjukuu, ncha za vidole nyeusi tititi, na kwa wiki nzima kibanio kikawa ama hakisomi ama kinasoma visivyoaminika. Tumia kidole kisicho na rangi, au mwache fundi wa hina aruke kidole kimoja. Mama alikataa katakata kidole kimoja kibaki uchi, kwa hivyo tulimpima kwa ndewe ya sikio kwa kibanio chake maalumu, tulichoazimwa.

Jambo la pili ni zito. Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha katika jarida la New England utafiti ulioonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Ngozi zetu katika familia moja zinatoka rangi ya maziwa hadi rangi ya tende, na chombo hakimtendei kila mmoja sawa. Mzee akikwambia pumzi hazitoshi na kibanio kinasema yuko salama, msikilize mzee.

Sasa nije kwenye Idi.

Daktari alikuwa amempa mama mpaka wa wazi, ambao madaktari wa moyo sehemu nyingi wanautumia: uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji, pigeni simu siku hiyo hiyo. Mara mbili katika mwaka wa kwanza kisanduku kilimkamata hivyo. Nesi alipiga simu saa tatu asubuhi, daktari akaongeza dawa ya kutoa maji kwa siku mbili tatu, uzito ukarudi, mama hakutoka nyumbani. Tukaanza kukiamini. Wallahi tulikiamini kama mtu wa nyumba.

Idi Mosi ilikuwa Jumatatu. Asubuhi mama alipimwa, kilo 57.9, barua ikaenda. Kisha wageni wakaanza kumiminika, na kama ilivyo ada wanawake wote wanaingia chumbani kwa mama kumpa mkono. Mmoja katika wajukuu, kwa adabu nzuri tu, akaleta chetezo cha umeme ili chumba kinukie udi. Akatafuta plagi. Akachomoa waya wa kisanduku, akachomeka chetezo. Kisanduku kina betri ndani lakini ya saa chache. Usiku wa Jumatatu taa ikazimika. Waya ulibaki umelala nyuma ya kabati.

Mimi Jumanne nilikwenda Dubai kwa binti yangu. Mama kila asubuhi aliendelea kupimwa. Mizani ina betri zake, inatoa namba, inalia kile kilio chake cha kumaliza. Dada wa nyumbani akaona kazi imekamilika. Zamani alikuwa akiandika kwenye daftari. Mimi ndiye niliyemwambia asijisumbue, kisanduku kinaandika.

Nikiwa Dubai nilifungua programu kwenye simu kila siku. Niliona 57.9, rangi ya kijani. Nikafurahi. Siku ya pili 57.9, kijani. Nikamwambia binti yangu, tazama bibi yako Idi hii alivyotulia. Siku ya tatu vile vile. Chini ya namba, kwa herufi ndogo, kulikuwa na tarehe, na tarehe haikuwa inabadilika. Mimi niliyewakata wanafunzi alama miaka 31 kwa kusahau tarehe juu ya ukurasa, sikuisoma.

Mama naye alikuwa na sababu zake. Sahani za Idi zilikuwa zinapita: shuwa, achari ya ndimu, na kifurushi cha papa mkavu aliyeletwa na mgeni kutoka Mombasa. Papa mkavu ni chumvi na chumvi ni maji. Kuanzia Jumatano usiku alikuwa halali chali. Alijiongezea mito, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakumwambia mtu. "Sikutaka kuwaharibia Idi," aliniambia baadaye. Tena akaongeza kitu ambacho bado kinanichoma: "Nikasema, kama ni baya, kisanduku kingekwambieni."

Nilirudi Ijumaa usiku. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, si kitandani, saa nne na nusu, akipumua kwa kukatakata kama mtu aliyepanda ngazi. Ndara haziingii miguuni. Nilipobonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu kishimo kilibaki. Nikageuka kukitazama kisanduku: taa hakuna. Nikavuta kabati, nikauona waya, nikauchomeka. Mizani ya aina yetu huhifadhi namba zisizopokelewa, kwa hivyo posta ilipoamka barua zote nne ziliingia kwa pamoja kwenye simu yangu, moja juu ya nyingine: Jumanne 58.5, Jumatano 59.3, Alhamisi 60.1, Ijumaa 60.8. Karibu kilo 3 za maji. Alhamisi asubuhi mpaka wa daktari ulikuwa umeshavukwa na hakuna kiumbe aliyejua.

Sikungoja kliniki. Usiku wa Ijumaa, na wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, nani angepokea? Tulimchukua hospitali. Alilazwa siku tano, dawa ya kutoa maji ikipitia mshipani, na alipotoka alikuwa 58.2. Daktari, mtu mpole, hakunilaumu. Alisema tu kwamba angepata habari Alhamisi pengine vidonge vya nyumbani vingetosha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kliniki, sitaitaja. Meneja alinikaribisha kahawa. Akafungua kompyuta, akanionyesha: "Mama, sisi hatukupokea onyo lolote." Na alikuwa anasema kweli. Nesi aliyekuwa zamu ya Idi alikuwa akitazama orodha ya wagonjwa waliotiwa rangi nyekundu. Namba mbaya hutiwa nyekundu. Mtu asiye na namba hatiwi rangi, hayumo kwenye orodha, kama vile hayupo duniani. Nikauliza, kwani hakuna onyo la ukimya? Akasita. Lipo, akasema, lakini wamelizima, kwa sababu wateja wengi huruka siku na nesi alikuwa anashinda akipiga simu za bure.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, kisha nikaanza kusoma, ndiyo tabia ya mwalimu mstaafu. Nikagundua kwamba hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2010 Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,653 wa moyo dhaifu. Nusu yao walitakiwa kila siku kupiga simu kwenye mashine na kuijibu maswali ya uzito na dalili, kwa miezi sita. Matokeo yakawa hakuna tofauti, si ya kurudi hospitali wala ya vifo. Lakini tazameni ndani yake: karibu mmoja katika kila saba hakuitumia mashine hata mara moja, na wiki ya mwisho ni asilimia 55 tu waliokuwa bado wanaitumia angalau mara tatu kwa wiki. Waliobaki walikuwa kimya. Wajerumani walifanya kinyume. Utafiti wao wa mwaka 2018, ulioongozwa na hospitali ya Charité ya Berlin, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,500. Waliofuatiliwa walikuwa na mizani, presha na kipimo cha moyo nyumbani, na upande wa pili walikaa madaktari na manesi saa 24, siku 7. Hao vifo vilipungua, na siku za kulazwa zikapungua. Vyombo vya nyumbani havikupishana sana na hivi vyetu. Kilichozidi ni mtu aliyekaa upande wa pili bila kufunga duka.

Kwa hivyo nilirudi kliniki na kalamu. Mkataba wa mama sasa una sentensi niliyoiandika mimi: isipofika namba ya uzito hadi saa nne asubuhi, siku yoyote, Ijumaa na sikukuu zikiwemo, mimi napata ujumbe na nesi anapiga simu ya nyumbani. Walilalamika kidogo, kisha wakaliwasha. Si kazi kubwa; ni kubonyeza mahali pamoja kwenye kompyuta yao. Kama mnataka kukodi chombo hiki, hilo ndilo la kwanza kuuliza kabla ya bei: kikinyamaza, nani atajua, na baada ya saa ngapi? Muuzaji akianza kukueleza rangi za programu, muulize tena.

Yapo mengine niliyoyajua kwa kuchelewa. Nesi wetu ni mwema, anatoka Kerala, anazungumza Kiingereza na Kiarabu cha hospitali. Mama anazungumza Kiswahili na Kiarabu cha zamani cha nyumbani. Akiulizwa kwa simu "kayfa t-tanaffus", anajibu "alhamdulillah", na huko kliniki linaandikwa kwamba anapumua vizuri. Mama angejibu alhamdulillah hata nyumba ikiungua. Nimemtengenezea nesi karatasi ya maswali matano ya Kiswahili kwa herufi za Kiingereza: umelala na mito mingapi, viatu vinaingia, umeamka usiku kwa kukosa pumzi, unaweza kufika msalani bila kupumzika, umekula papa. Anayasoma kwa lafudhi yake, mama anacheka, na anajibu kweli.

Ulizeni pia taarifa za mzee zinakaa wapi na nani anaruhusiwa kuziona. Si kuomba hisani hapo: Oman ina sheria ya kulinda taarifa binafsi kwa Amri ya Kifalme nambari 6 ya 2022, na Imarati ina sheria ya mwaka 2019 inayobana taarifa za afya kutolewa nje ya nchi. Wale mnaotaka kumfuatilia mzee wa Dubai kutoka Uingereza, hilo mlijue mapema.

Umeme na mtandao navyo hukatika. Kimbunga Shaheen kilipopiga pwani ya Batina Oktoba 2021, jamaa zetu wa Suwaiq walikaa bila umeme, na mtandao wa simu ulisumbua. Siku kama hizo posta yoyote inafungwa, na kinachobaki ni daftari na kalamu. Daftari limerudi kwetu. Na kisanduku si gari la wagonjwa: mtu akishikwa na kifua au akishindwa kupumua, hapa ni 9999, Imarati ni 998, Uingereza 999. Usingoje nesi apige.

Plagi ya kisanduku sasa ina plasta juu yake, na dada wa Tanga ameandika kwa wino mwekundu: YA BIBI, USIGUSE. Chetezo kimenunuliwa cha makaa. Wajukuu wote wamekula kiapo, hata yule mmoja, maskini, ambaye kwa mwezi mzima hakuthubutu kunitazama usoni hadi nilipomwambia kwamba nami nilikuwa na simu mkononi siku zote nne.

Leo asubuhi mama amepimwa saa moja na nusu, bangili mezani. Kilo 58.1. Amebaki amesimama pale kwenye vigae, ameshika ukingo wa kabati, hataki kuondoka.

"Barua imekwenda?"

Dada wa nyumbani akafungua simu yangu, akasoma kwa sauti, namba kwanza, kisha tarehe. "Imekwenda, Bibi. Ya leo."

"Basi nipeni chai. Na ule mkia wa papa mliouficha kwenye friza nauona kila siku."

Chai amepewa.